Gambuti, slasha na reki za kazi ya kando ya mto: zipi zinafaa pesa yako hapa Kisumu

Naanza na tisheti, maana hapo ndio pesa ya vikundi vingi vya kusafisha mto huishia. Kikundi kinachangiwa kidogo, kitu cha kwanza ni tisheti zenye maandishi mgongoni na bana ya kupigia picha, halafu Jumamosi ikifika watu wanashuka mtoni umati mzima na slasha mbili, moja haina hata mpini, wengine wanabaki kusimama wakishika simu. Tisheti nazipa nyota sifuri. Bei ya tisheti kumi za kuchapisha unapata slasha kadhaa, foku jembe, tupa na gambuti za watu wawili watatu, na hivyo vitu bado vitakuwa vinafanya kazi wakati tisheti ishakuwa ya kupiga deki.

Sisi tunatunza kipande cha njia ya miguu kando ya Auji, huu mto unapita kati ya Manyatta na Nyalenda ukielekea ziwani. Udongo wa huku mnaujua, ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaweza kuingia, na mvua ikinyesha unageuka gundi. Kwa hivyo hii rivyu ni ya vifaa kwa mazingira hayo, wewe uko Kakamega kwenye udongo mwekundu pengine utaona tofauti.

Gambuti ndio kitu cha kwanza kununua na hapa usifanye ubahili. Si mambo ya matope tu. Maji ya upande huu wa ziwa yana kichocho, vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini vinapita kwenye ngozi hata kama huna kidonda, unasimama kwa maji dakika chache tu umeshajipatia. Dawa ipo, praziquantel, lakini nani anataka kuimeza kila mwaka juu ya kuokota chupa? Halafu kuna mkojo wa panya, vioo, na sindano za watu wenye hatujui. Sasa kuna gambuti za aina mbili kwa hadwea nyingi hapa mjini. Kuna zile nyepesi nyeusi za plastiki zinazong'aa, nilipata za mia saba na kitu, na kuna zile nzito za raba zenye kitambaa ndani, hizo zinaanzia elfu moja na kuendelea. Zile nyepesi zinapasuka kwa kisigino, hasa ukizianika juani baada ya kuosha, na ikishapasuka hapo huwezi hata kuona mpaka soksi iwe imelowa, na gambuti iliyojaa maji ya mto ndani ni mbaya kuliko kutovaa kabisa juu mguu unakaa umeloweshwa asubuhi yote. Nzito nazipa nyota nne, hiyo moja nimenyima sababu ya uzito, tope likishika chini unatembea ni kama umefungwa tofali. Chukua saizi moja kubwa uvalie soksi nene, na uhakikishe inafika chini ya goti. Zile fupi za nusu mguu muuzaji atakwambia "Madam hizi ndio zinatoka sana," ni kweli zinatoka, ni za kuoshea gari. Na zile nyeupe waachie watu wa bucha.

Slasha. Hapa niko na maneno mengi kidogo mnivumilie. Ya dukani ni bati refu jembamba limekunjwa mbele, inauzwa kati ya mia tatu na mia tano, na kwa nyasi laini za mbele ya nyumba iko sawa kabisa. Ukiipeleka kwa matete na nyasi ndefu za kando ya maji inajikunja, unapiga mara moja unasimama kuinyosha. Ya fundi wa jua kali imetengenezwa na chuma kizito kidogo, wengine wanatumia springi kuukuu za gari, na mpini ni mbao iliyofungwa kwa rivet mbili. Hii haijikunji lakini inachosha bega, mtu ambaye hajazoea baada ya nusu saa anatafuta kivuli. Tulichofanya ni kuwa na zote mbili, nyepesi za wageni waliokuja mara ya kwanza na nzito za wale wazoefu. Mkinunua kwa fundi kagua mahali mpini umekutana na chuma, itikise, ikicheza hata kidogo irudishe papo hapo, juu siku ikichomoka itampata mwenye anafyeka kando yako. Na hii si mchezo, wekeni nafasi ya kutosha kati ya mtu na mtu, watoto wakae mbali.

Lakini kitu chenye kinabeba slasha zote ni tupa. Shilingi mia mbili na hamsini hivi, na vikundi vingi havina! Watu wanafyeka na kitu butu kama kijiko, wanasema slasha za siku hizi ni feki, kumbe hakuna mtu amezinoa tangu zinunuliwe. Tupa nyota tano, bila maneno. Mtu mmoja akae chini ya mti kazi yake iwe kunoa tu, wengine wakichoka wanamletea, na huyo mara nyingi anakuwa yule mzee ambaye mgongo hautaki kuinama lakini hataki kubaki nyumbani.

Panga sitasema mengi, kila nyumba iko nayo. Shida ni watu kutumia panga kwa lantana, ile nyabend-winy yenye maua ya rangi mbili tatu. Ukiikata juu inachipuka tena na matawi mengi kuliko kwanza, ndege wanakula matunda wanaenda kuipanda mbele huko, na ng'ombe akiila inamdhuru. Lazima ing'olewe na mizizi, na hapo unahitaji foku jembe yenye meno imara pamoja na mtaimbo wa kubenulia. Foku jembe za bei ya chini jino linakunjwa kwa shina la kwanza. Chukua ile yenye shingo nene, hata kama ni ghali ni moja tu mtanunua.

Hiyo foku jembe ndio inafanya kazi ya pili, ambayo kwangu ndio kazi yenyewe ya kutunza njia, na haina picha nzuri ndio maana hakuna mtu anaitaka. Maji ya mvua yakipata njia ya miguu imeinama yanaifuata yote mpaka chini, msimu mmoja tu wa Machi hadi Mei njia inakuwa mtaro. Kwa hivyo kila mahali pameinama tunachimba vijifereji vya mshazari vinavyotoa maji pembeni kwenye nyasi kabla hayajapata nguvu, mbele ya kijifereji tunalaza gogo au mawe. Vinajaa tope na majani, lazima uvizibue kabla ya mvua na katikati ya mvua. Usichimbe udongo ukiwa umelowa, utaukanyaga ugande na ubaki na mashimo. Na njia isiwe kwenye ukingo kabisa, kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa mto kuwa mita 6 hadi 30 kila upande, kwa hivyo nafasi kwa sheria ilikuwepo, ni sisi wenyewe tumeijaza vibanda.

Kuna mtu hapa lazima atauliza miche iko wapi. Sina ubaya na miche. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa holidei tupande miti milioni 100 nchi nzima na watu walipanda kweli, lakini mche usiofyekewa nyasi unamezwa, na wenye umebaki mbuzi anamaliza. Kama mtapanda, pandeni mkuyu au siala, si mkaratusi, huo unakunywa maji sana, ndio maana mwaka wa 2009 John Michuki akiwa waziri wa mazingira aliamuru ing'olewe kando ya mito. Na mkishapanda nunueni slasha, nimerudia tena najua.

Reki: ile ya bati ya dukani meno yanalala ukigusa tope zito. Ya jua kali yenye meno ya nondo nyota nne, wekeni mpini mrefu kabisa ili usimame pakavu uvute takataka kutoka kwa maji. Asilimia kubwa ya tunachotoa ni pampas, chupa na juala. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 28 Agosti 2017 na bado ukichokora ukingo zinatoka za zamani zimekunjamana na udongo, zingine zina rangi bado, inashangaza.

Glavu za hospitali msinunue, zinararuka kabla hujajaza gunia. Za ngozi za wachomeleaji ni ngumu lakini zinakunywa maji machafu na hazikauki, wiki inayofuata zinanuka hakuna mtu anazishika. Za raba nene zenye kitambaa ndani ndio bora, ingawa hata hizo sindano inapita, kwa hivyo chochote chenye hujui ni nini kiokote na reki au koleo. Ule mkono wa plastiki wa kuokotea unaouzwa supamaketi, springi yake ilikufa asubuhi ile ile. Nyota moja, na ni ya rangi tu.

Magunia tunatumia ya nailoni yaliyotumika, soko la Kibuye yanapatikana bei ndogo, Jumapili ndio utachagua vizuri. Usijaze pampas zilizolowa mpaka juu, jaza nusu, hilo gunia lazima mtu alibebe.

Wilbaro ndio ghali kuliko vyote na mnaweza kuanza kwa kukodisha kwa watu wa mjengo. Mkinunua chukueni yenye tairi gumu lisilo na upepo, miiba ya huku inamaliza tyubu. Halafu pimeni upana wa wilbaro ndio mfyeke njia, isiwe kinyume, maana kuna mahali kwetu bado tunabeba magunia kwa bega juu njia ilifyekwa ya mtu mmoja.