Koti niliyotoa bure nimeikuta ikiuzwa 1,300: duka ya msaada, Milimani Kisumu

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za vitabu na yule dada wa kaunta. Jina ya duka sitataja, juu najua kuna watoto wanalipiwa karo na pesa inatoka hapo na sitaki mtu aache kuwasaidia. Ni duka ya vitu vya kupewa, iko ndani ya kompaundi, watu wa mashirika wakihama Kisumu wanaachanga hapo vyombo na nguo, na sisi wengine tukiwa na kitu cha ziada tunafua tunapeleka. Mimi nimepeleka vitu hapo kama miaka minne sasa. Kwa hivyo nikiandika hivi si mtu wa nje anaandika.

Jumamosi iliyopita niliingia kutafuta flaski ya chai. Kabla nifike kwa vyombo nikapita kwa nguo za watoto, na hapo kwa hanga ya tatu au ya nne nikaona koti ya damu ya mzee, ndogo, ya mtoto wa miaka miwili hivi, na moyo ukashtuka kidogo juu nilihisi naijua. Nikaangalia vifungo. Kifungo cha tatu kutoka juu ni cheusi, hizo zingine zote ni za kahawia, na imeshonwa na uzi mweupe. Huo uzi niliushona mimi, usiku, siku moja kabla tupeleke mtoto kwa mamangu Kericho na mnajua Kericho na baridi, kifungo kilikuwa kimepotea na kwa nyumba hakukuwa na uzi mwingine isipokuwa mweupe, na kifungo nilikitoa kwa suruali ya zamani ya mzee wangu.

Hiyo koti nilinunua Kibuye, ile soko ya mitumba hapa Kisumu, Jumapili, yule mama alianza na 350 tukaongea akanipea na 250. Mtoto akavaa hadi mikono ikamfupikia. Mwezi wa kumi na mbili nikaifua, nikaipiga pasi, nikaikunja na zingine nikapeleka duka ya msaada nikijua itaenda kwa mtoto ambaye hana.

Tagi ilikuwa imeandikwa 1,300.

Nilisimama nayo mkononi nikisoma hiyo namba mara mbili, mara tatu. Hakuna mtu ameiongezea kitu, kifungo cheusi bado kiko, uzi mweupe bado uko. Mimi niliipata na 250 ikiwa imetoka ng'ambo kwa meli, ikapita Mombasa, ikalipiwa ushuru, ikabebwa na lori hadi Kisumu, kila mtu njiani akapata yake, na bado ikawa 250. Hapa imefika bure kabisa mlangoni, nimeibeba mimi na nauli ni yangu, alafu inakuwa 1,300?

Nikairudisha. Nikiwa hapo hapo kando, mama mmoja na msichana wake mdogo wakafika kwa hiyo laini ya hanga, na yeye akaishika hiyo hiyo koti, akamwekea mtoto kwa mabega kupima, ikamtosha vizuri sana. Mtoto akaingiza mikono kwa mifuko na akakataa kuitoa. Mama akageuza tagi. Hakusema kitu, aliitoa tu pole pole, akaifunga kifungo cha juu ndio isianguke, akairudisha kwa laini. Nikamuuliza kama anatafuta ya size hiyo, akaniambia mtoto anaanza shule na wanatokanga saa kumi na mbili asubuhi na boda, upepo wa asubuhi unamsumbua kifua. Alikuwa amekuja na 400, na hiyo ndio ilikuwa pesa ya nguo yote ya mwezi. Nikamwelekeza Kibuye, zile safu za watoto, nikamwambia Jumapili akiamka mapema atapata na atabaki na chenji. Na hapo ndio nimeumia kabisa, juu nimemtoa mtu kwa duka ya msaada nikamtuma sokoni ndio apate bei ya msaada.

Wenye hawajui vile Kibuye inafanya kazi wacha nieleze kidogo. Mama wa mitumba ananunua beli imefungwa, kilo 45, na haoni ndani kuna nini. Analipa kwanza. Akifungua ndio anajua kama Mungu amemkumbuka ama amebeba hasara. Zile kali zinaitwa kamera, hizo zinatolewa kwanza zinatundikwa kwa hanga na hizo ndio za bei, zinazofuata zinashuka, siku ikienda zinashuka tena, na mwisho kabisa ni fagia, zinamwagwa chini kwa turubai unasikia chagua chagua, ishirini ishirini. Analipa pahali pa kuuzia, analipa mtu wa mkokoteni, na mvua ikinyesha analala na mali yake yote. Huyo mtu, na hiyo mzigo yote kichwani, bado anakuambia sista lete pesa uko nayo tuongee.

Duka ya msaada haikununua beli. Haina hasara ya kufungua na kupata sweta za kuraruka, juu ikipata ya kuraruka inatupa tu na haijapoteza shilingi. Najua wanalipa stima, wanalipa wafanyakazi wawili watatu, na hao watoto wa karo ni wa kweli nimewaona. Hiyo yote naelewa. Lakini hiyo haielezi mara tano ya bei ya Kibuye.

Haya, flaski. Niliipata, ya lita moja, ya bati, nzuri kwa macho. 1,400. Nikaifungua kofia, kizibo cha ndani hakuna. Flaski bila kizibo ni chupa tu, chai inapoa kabla wageni wamalize kusalimiana. Nikaigeuza nikaona stika nyekundu ya bei, na chini yake kuna stika ingine inachungulia, nikaibandua kwa kucha polepole: ya njano, 800. Na chini ya hiyo njano kulikuwa na alama ya gundi na karatasi ya kijani imebaki nusu, unasoma 3 na 5, nadhani ilikuwa 350. Kwa hivyo hiyo flaski imekaa hapo kwa shelfu, haijanunuliwa, na kila ikikosa kununuliwa bei inapanda. Nilitoka hapo nikaingia supamaketi mjini, flaski mpya kabisa ya saizi hiyo, na kizibo, na karatasi ya garanti, 1,150. Ndio nilinunua.

Niliuliza yule dada wa kaunta, na nataka niseme wazi huyu dada ni mtu mzuri sana, ananiita madam lakini anakuangalia kwa macho na anakusikiza. Akaniambia bei haziweki yeye. Siku hizi kuna mtu wa ofisi anakuja na simu, anaangalia jina ya kampuni kwa lebo, anaitafuta kwa intaneti, anaona inauzwa pesa ngapi Uingereza ama Marekani, anabadilisha iwe shilingi anapunguza kidogo, hiyo inakuwa bei. Nikamwambia lakini mtu wa mtaa wa Manyatta hapa Kisumu hanunui na mshahara wa Uingereza. Akasema madam, hata mimi nafanya hapa na kununua hapa siwezi. Hiyo ilinikaa sana.

Akanieleza pia ilianza aje, na hapa nitakuwa mkweli kwa hao watu wa ofisi, kulikuwa na sababu. Zamani vitu vikiwa vya 50 na 100, wachuuzi walikuwa wanafika saa mbili asubuhi wanabeba zile safi zote kwa gunia, wanaenda kuziuza kwa simu na picha, na yule mama ambaye duka ilifunguliwa kwa ajili yake akifika saa nne anakuta matambara. Ni shida ya kweli. Lakini dawa ya hiyo ni kusema mtu mmoja asibebe zaidi ya nguo tano kwa siku, si kupandisha bei hadi mwenye shida pia afukuzwe pamoja na mchuuzi. Tena mchuuzi bado anapata, juu yeye ndio ako na hiyo 1,300.

Na hii duka haikuwa hivi. Mwaka wa 2020 wakati wa korona, serikali ilisimamisha mitumba isiingie nchini, ilikuwa kutoka Machi hadi Agosti, na Kibuye bei ilipanda mtu asishike. Mimi nilikuwa na mimba wakati huo, kazi ya mzee imesimama, na vitu vya mtoto karibu vyote nilinunua hapa: shuka mbili, blanketi, nguo ndogo ndogo kama kumi, yote nililipa 600 na yule mama mzee alikuwa kaunta wakati huo akaniongezea soksi. Ndio maana hata mimi nilianza kupeleka vitu. Nilikuwa narudisha.

Binamu yangu yuko Minnesota, tukiongea ananiambia hata huko watu wanalia na hayo hayo, unakuta kikombe cha mtumba kina bei karibu na kipya. Na ukiangalia hii kitu ilianza wapi unashangaa zaidi. Goodwill, yale maduka ya msaada ya Marekani, ilianzishwa na mhubiri wa Methodisti, Edgar Helms, huko Boston mwaka wa 1902. Alikuwa anazunguka nyumba za wenye nazo anaomba nguo na vyombo vimezeeka, alafu anaajiri maskini wa mtaa wake wavishone na kuvikarabati, ndio viuzwe kwa bei maskini mwenzao anaweza. Kwa hivyo kazi ilikuwa kwanza kukarabati. Hapa kwetu flaski haina kizibo na imepandishwa bei mara mbili, na fundi wa vyombo yuko dakika kumi kutoka hapo!

Vitu vya umeme ndio sipendekezi kabisa. Kulikuwa na blenda ya 3,500, nikaomba niijaribu, nikaambiwa soketi ya wateja hakuna, na ukutani kumeandikwa kitu ikiuzwa hairudishwi. Yaani ununue upande matatu ufike nyumbani ndio ujue kama inazunguka. Hata wale mafundi wa kando ya barabara mjini wanakuwekea kwa soketi uone kwa macho yako.

Viatu pia. Vya shule vyeusi, 1,800, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja hadi unaona mpira wa ndani. Nimepita.

Vitabu ndio nasema nendeni. Vya hadithi vya watoto 50 bob, vingine viko kama vipya, mtoto wangu amepata vitatu na kimoja ni cha Kiswahili. Mapazia pia si mbaya, 400 jozi, na yamefuliwa yananukia sabuni. Duka yenyewe ni safi, kuna chumba cha kupimia nguo na kioo kizima, unalipa na M-Pesa hakuna kusukumana. Hizo nawapea haki yao.

Kabla niondoke dada alinipa kitabu cha maoni. Niliandika ukurasa mzima. Niliwaambia wafanye vile maduka mengi ya aina hii Marekani wanafanya, tagi ziwe na rangi, na kila wiki rangi moja inapunguzwa bei, kitu kikikaa sana kishuke, kisipande. Wachague siku moja ya nguo za watoto, zote 100, na mtu asibebe zaidi ya tatu. Na nguo ya kutoka kwa mkono wa mtu wa hapa Kisumu isipigwe bei ya intaneti, juu hiyo nguo iliingia hapa na bei ya Kibuye na kila mtu anaijua. Niliandika pia kuhusu ile koti, nikachora na kifungo, ndio wakienda kwa laini waione. Niliacha namba yangu ya simu. Leo ni Ijumaa, hakuna mtu amepiga.

Hapa kwa nyumba kando ya mlango kuna boksi ya nguo za mtoto wangu wa pili, nilikuwa nimeipanga niipeleke mwisho wa mwezi. Jana nimeongea na nesi mmoja wa wodi ya kujifungulia, akaniambia kuna akina mama wanatoka hapo na mtoto amefungwa na leso pekee. Amesema nilete Alhamisi asubuhi kabla zamu yake iishe.