Risasi isiyo na risasi: ya shaba ipi ununue kwa kuwindia

Kiswahili kinatuchezea kidogo hapa. Risasi ni jina la ile metali nzito ya kijivu, na risasi ndiyo hiyo inayotoka mtutuni. Sasa madukani kuna risasi ambazo ndani hazina risasi: kichwa kizima ni shaba, kuanzia nchani hadi kitakoni.

Kule California ni lazima. Sheria ilipitishwa 2013 na kuanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019, kwa sababu kondori, ndege wakubwa wala mizoga, waliokula matumbo ya mawindo walikuwa wakifa kwa sumu. Mimi nilihamia shaba kwa ajili ya nyama. Risasi ya kawaida ikigonga mfupa humeguka, na vipande vingine ni vidogo kiasi kwamba kisu hakivioni. Nyama hiyo ndiyo tunayoila kambini na ndiyo inayokwenda kijijini.

Kabla ya majina ya kampuni, uzito, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza hela. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya risasi ina 11.34. Kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kilicho kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi zaidi mtutuni, la sivyo kinayumba hewani. Chukua bunduki ya .308 ambayo mifereji yake inazunguka mara moja kwa inchi 12, uilishe shaba ya greni 180 (greni ndicho kipimo cha uzito wa risasi), kisha kaangalie karatasi ya shabaha: usishangae ukiona tundu limekaa kiubavu badala ya duara. Aliyezoea greni 180 anunue 165 au hata 150. Usiogope wepesi. Shaba haimeguki ovyo, kwa hiyo karibu zote 150 zinazoingia ndizo zinazotokea upande wa pili.

Ya kwanza kwangu ni Barnes TTSX, ile yenye ncha ya plastiki ya buluu. Hawa ndio waliofungua njia na ile X yao mwaka 1989. Matoleo ya mwanzo yalichafua mitutu vibaya, na wazee wengi bado wanaisema shaba kwa kumbukumbu hiyo. TSX ya 2003 ikaja na mifereji mwilini inayopunguza msuguano, na malalamiko yakapungua sana. Niliwahi kuitoa moja chini ya ngozi ya bega la pofu: petali nne zimejikunja nyuma kama kucha za mwewe, shina zima. Kasoro yake ni kwamba inataka mwendo. Ikifika imechoka, chini ya mita 550 kwa sekunde hivi, haifunguki vizuri, inatoboa kama sindano na mnyama anakimbia nayo.

Hornady CX, mrithi wa GMX, ni ya pili kwa tofauti ndogo. Kwa karatasi peke yake ningeipa ya kwanza, kwa sababu bunduki yangu inaipenda. Yako huenda ikaikataa, na hakuna maandishi ya kwenye boksi yatakayokuambia hilo. Nosler E-Tip naiweka ya tatu: shaba yake imechanganywa na zinki kidogo, haiachi uchafu mwingi, ila naiona ngumu kufunguka mbali. Lapua Naturalis ya Finland ina pua butu, inapoteza mwendo haraka. Nunua kama unawinda vichakani, pongo na ngiri wa mita 60. Kwa mbuga iliyo wazi, hapana.

Nyati yuko nje ya orodha hiyo. Huyo ni bunduki ya .375 kwenda juu, na hapo nataka TSX ya greni 270 au 300, isiyo na ncha ya plastiki. Peregrine za Afrika Kusini nazo zina sifa nzuri kwa wanyama wazito. Usije ukauziwa Banded Solid ukidhani ni TSX. Ile ni shaba ya njano, haifunguki kabisa, na ikipigwa kundini inaweza kutoboa nyati wawili.

Sasa shabaha. Msimu wangu wa kwanza na shaba, .30-06 yangu ilitawanya matundu kama kuku aliyemwagiwa mtama: matano, karibu upana wa kiganja kwa mita 100. Nikalaumu boksi. Mzee mmoja wa kambini akaniuliza jana yake nilipiga nini. Za kawaida, na uchafu wake ulikuwa bado mtutuni. Akanipa dawa ya kutolea shaba na vitambaa. Cha kwanza kilitoka cheusi, cha pili buluu-kijani kama senti iliyolala kisimani, na hivyo hivyo hadi cha tisa kikatoka cheupe. Nikapiga mbili za kuuzoesha mtutu, kisha tatu za kupima. Kifuniko cha chupa ya soda kiliyafunika matundu yote matatu.

Kwa hiyo ukienda dukani, hesabu boksi mbili za toleo lilelile, namba ya nyuma ilingane. Moja itaishia kwenye karatasi ukiseti darubini upya, kwa sababu shaba haitapiga pale pale ilipokuwa ikipiga risasi yako ya zamani. Bakiza pia hela ya chupa ya dawa.