Ukitaka kuielewa futiboli ya Kimarekani, anzia Green Bay

Kila Super Bowl, fainali kuu ya futiboli ya Kimarekani, ikipita, wanafunzi wangu hapa Mbeya wananiuliza: "Ticha, ule mchezo wa kugongana na makofia una utamu gani?" Mimi nawatajia kitabu. Kinaitwa When Pride Still Mattered, cha David Maraniss, kilichotoka mwaka 1999. Ni maisha ya Vince Lombardi, kocha wa Green Bay Packers, na nakiweka mbele ya kingine chochote kuhusu mchezo huo.

Sababu ya kwanza ni mji wenyewe. Green Bay uko jimbo la Wisconsin, una watu kama laki moja tu, baridi yake haina huruma, na timu ni ya wananchi walionunua hisa tangu 1923. Hakuna tajiri wa kuamka siku moja akaihamishia kwingine. Sisi tuliokaa uwanja wa Sokoine msimu wa 2013/14, Mbeya City ya halmashauri yetu imepanda daraja tu na ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, hatuhitaji kuelezwa raha ya mji mdogo kuwatoa jasho wakubwa.

Sababu ya pili inanigusa mimi. Nafundisha fizikia, jioni nasimamia timu ya shule. Lombardi kabla hajawa na jina alikuwa mwalimu wa sekondari ya Kikatoliki ya St. Cecilia, New Jersey: fizikia, kemia, Kilatini, na timu juu yake. Maraniss anaonyesha vizuri sana jinsi ubao ule ulivyomfuata hadi uwanjani. Darasani hakusonga mbele mpaka mwanafunzi wa mwisho aelewe, na Packers aliwafundisha hivyohivyo: mbinu chache, zikarudiwa na kurudiwa, hata mpinzani akijua kinachokuja asiweze kukizuia. Nimewasomea walimu wenzangu kurasa hizo.

Halafu kuna mechi ya Desemba 31, 1967, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, dhidi ya Dallas Cowboys. Nyuzi 25 chini ya sifuri! Hata kule Makete asubuhi umande ukiganda kwenye majani ya viazi, hatujafika huko. Lombardi alikuwa ametandaza nyaya za umeme chini ya nyasi ili uwanja usigande. Mtambo ukashindwa, uwanja ukawa jiwe. Filimbi za waamuzi zikaganda. Packers wako nyuma 17–14, zimebaki dakika chini ya 5, na wana yadi 68 za kwenda hadi mstari wa kufunga. Wakasogea kidogo kidogo. Sekunde 16 za mwisho, mpira uko chini ya yadi moja kutoka mstari, na hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa. Kwotabeki Bart Starr, mchezaji anayeanzisha mashambulizi, akamfuata kocha pembeni, akamwambia ataubeba mwenyewe. Wenzake uwanjani hakuwaambia. Akajipenyeza nyuma ya Jerry Kramer, mwenzake aliyemfungulia njia, 21–17. Najua matokeo, na bado kila nikirudia kurasa zile moyo unanienda mbio.

Sura za mwanzo, za ukoo na kanisa huko Brooklyn, zinakwenda taratibu. Usiziruke, ndizo zinazomweleza mtu huyu. Na Maraniss hampambi. Anaonyesha mkewe Marie na watoto walivyomkosa baba nyumbani. Anaonyesha pia kwamba ule usemi maarufu, "ushindi si kila kitu, ni kitu pekee", ambao kila mtu humpa Lombardi ulisemwa kabla yake na kocha mwingine, Red Sanders.

Ukimaliza hapo, chukua Instant Replay ya 1968. Ni shajara ya msimu uleule, ya Jerry Kramer mwenyewe akisaidiwa na mwandishi Dick Schaap. Sasa unaiona ile yadi moja ukiwa chini kwenye barafu pamoja naye. Siku chache kabla, wakitazama filamu, Kramer alikuwa amegundua kwamba Jethro Pugh wa Dallas, ambaye angepaswa kumsukuma, husimama wima mno, na mtu anayesimama wima anasukumika. Mwanafunzi wa fizikia ataelewa papo hapo.

America's Game ya Michael MacCambridge, 2004, ni kinene na ni cha mwenye subira. Kinaeleza Kenny Washington na Woody Strode walivyorudisha wachezaji weusi NFL mwaka 1946, baada ya miaka ya kufungiwa nje. Kisha anakuja Pete Rozelle, aliyepewa kuongoza ligi mwaka 1960 akiwa na miaka 33, akawashawishi matajiri wa New York wakubali fedha za televisheni zigawanywe sawa kwa timu zote. Bila uamuzi huo, Green Bay ingekuwa historia tu. Viongozi wa soka letu wangekisoma kwa kalamu mkononi.

The Blind Side ya Michael Lewis nakipendekeza nusunusu. Mwanzo wake, Lawrence Taylor anapomvunja mguu kwotabeki Joe Theismann mwaka 1985, na maelezo ya kwa nini mkinga wa kushoto, anayemlinda kwotabeki upande asiouona, akapanda bei, ni ya kiwango cha juu. Ila habari ya Michael Oher, mchezaji anayesimuliwa humo, isome ukijua kwamba mwaka 2023 alikwenda mahakamani kupinga simulizi kwamba familia iliyomchukua nyumbani kwao ilimuasili.

Vyote ni vya Kiingereza. Maduka ya vitabu hapa mjini yamejaa vya shule, kwa hiyo nunua nakala za kusomea kwenye simu, na cha Maraniss kiwe cha kwanza.