Berlin hadi Vienna wikendi ya Pasaka: basi la usiku au ndege ya bei nafuu?

Tuanze na nauli. Usidanganywe na bei ya kwanza ya ndege. Tiketi ya msingi hukupa begi dogo la chini ya kiti, kwa kawaida sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Likizidi, malipo ya getini huweza kuipita nauli yenyewe. Basi hubeba na sanduku kwenye buti, na usiku huo hulipii hosteli. Ila kama huwezi kulala umekaa, usiihesabu faida hiyo: utasinzia kwenye kasri la Schönbrunn mchana kutwa.

Kwa muda ndege inashinda, lakini si kwa saa moja na robo inayotangazwa. Ongeza safari ya kwenda BER (uwanja wa ndege wa Berlin), foleni ya ukaguzi, kisha treni ya S7 kutoka uwanja wa Vienna hadi stesheni ya Wien Mitte katikati ya jiji, kama dakika 25. (CAT, treni ya moja kwa moja ya uwanjani, huwahi kidogo tu, na ni ghali zaidi.)

Nyaraka ndizo huwakwamisha wengi. Beba pasipoti yenyewe na kadi ya ukaazi, si picha kwenye simu: polisi huweza kupanda basi mpakani usiku wa manane. Baadhi ya mashirika ya ndege hutaka pasipoti isiyo ya Umoja wa Ulaya ikaguliwe kaunta kabla ya kwenda getini.

Umekata tiketi mapema na una begi dogo? Panda ndege. Umeamua wiki ya mwisho? Basi, maana nauli ya ndege itakuwa imeshapaa. Mwenye kipindi cha masomo Jumanne asubuhi aende kwa basi, arudi kwa ndege. Vyovyote vile, nunua chakula Jumamosi mapema. Jumapili na Jumatatu maduka mengi ya Vienna hufungwa.