Siku nne baharini bila kufika popote: uzoefu wangu kwenye meli ya kitalii enzi za korona

Swali la kwanza ninaloulizwa ni "mlikwenda wapi?" Hatukwenda popote. Tulipanda meli Southampton, kusini mwa Uingereza, Jumatatu mchana, tarehe 5 Julai 2021, ikazunguka ndani ya Mfereji wa Kiingereza kama kuku atafutaye pa kutagia, na Alhamisi asubuhi ikatushusha kwenye gati lile lile tulilopandia. Hatukushuka bandari yoyote, wala pasipoti hazikugongwa muhuri. Jina la meli naliweka kapuni kwa sababu nitasifu na nitalalamika, na nilichonacho cha kusema hakihusu kampuni moja: meli kubwa yenye watu wachache ni kitu kingine kabisa, na sidhani kama tutaipata tena.

Nilisafiri na mama yangu. Nilipomwambia nimekata tiketi alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka mzima umeshinda kwenye nyumba ya wazee umevaa barakoa, na likizo yako ndiyo ukajifungie na watu ndani ya sanduku la chuma?" Hakukosea. Februari 2020 sote tulifuatilia habari za Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama ikiwa na watu 3,711, na walioambukizwa wakapita 700. Mwezi uliofuata meli za kitalii zikasimama karibu dunia nzima. Uingereza iliziruhusu tena kuanzia tarehe 17 Mei 2021, kwa safari za ndani tu na kwa kikomo: abiria wasizidi 1,000 au nusu ya uwezo wa meli, kutegemea ipi ni ndogo. Meli yetu ina nafasi ya watu zaidi ya 3,500. Kampuni nayo ikaongeza masharti yake: chanjo mbili kwa kila mtu mzima, na kipimo siku ya kupanda. Kilichomlainisha Mama ni hiyo 1,000. "Basi tutakuwa kama tumekwenda harusi ambayo wageni hawakutokea," akasema, na kesho yake akaanza kupanga begi.

Tulipangiwa kufika saa saba na nusu, si kabla. Unakaa ndani ya gari mpaka uitwe. Kisha unaingia hemani, unafuata alama za nyayo zilizobandikwa sakafuni, na kijana aliyejifunika plastiki toka kichwani hadi magotini anakuchokoa koo na pua kwa kijiti cha pamba. Mimi kazini nilikuwa nimeshazoea. Mama alipiga chafya tatu mfululizo na hema zima likageuka kumtazama. Chafya enzi zile ilikuwa nusura iwe kosa la jinai.

Halafu ukumbi wa kusubiri majibu, viti viwili viwili vimeachana. Tulikaa dakika ishirini na tano, na nazikumbuka kuliko chakula chochote nilichokula ndani. Kila mtu ana sanduku lililojaa nguo za likizo na hajui kama atazivaa. Mmoja akikutwa na virusi, chumba chao chote kinarudi nyumbani. Mbele yetu palikuwa na mama wa makamo na mumewe. Yule mama ameshika kofia pana ya jua mapajani, anaizungusha ukingo kwa vidole, polepole, kama anayehesabu tasbihi. Mfanyakazi mwenye karatasi akikaribia, kofia inasimama. Akipita, inazunguka tena. Mwishowe akasimama kwao, akawapa kadi mbili, na yule mama akaivaa kofia pale pale, ndani ya ukumbi usio na dirisha. Sisi tulipata zetu baada yao kidogo. Tangu hapo kila kitu kilikwenda mbio: ukaguzi wa mizigo, picha, daraja la kupandia, harufu kali ya kitakasa mikono, na tumo ndani.

Kuingia kwenye meli ya aina hii mara ya kwanza kunapoteza mwelekeo. Unatazamia uone bahari. Unaona ngazi za kioo, taa zinazoning'inia ghorofa tatu, duka la saa na mtu anayepiga piano. Mama alisimama katikati na begi lake la mkononi. "Hii ni meli au mtaa?"

Zoezi la usalama lilinifurahisha, na si watu wengi wanaolisifu. Zamani abiria wote walikusanywa kwa pamoja, wamebanana na majaketi okozi yao, nusu saa ya kukanyagana. Korona ilibadilisha hilo. Unatazama video kwenye runinga ya chumbani, unasikilizishwa mlio wa hatari (honi saba fupi na moja ndefu), halafu unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyikia, kadi yako inasomwa na mashine, na unaonyeshwa jaketi linavyofungwa. Baada ya Costa Concordia kupinduka Januari 2012 na watu 32 kufa, sheria zilikazwa ili zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na hapa hakuna aliyeachwa: wasiokwenda walitajwa kwa namba za vyumba kwenye vipaza sauti mpaka wakaona aibu.

Chumba sasa. Nililipia kibaraza. Maelezo ya tiketi yalisema "mandhari yamezibwa kiasi". Kiasi! Nilifungua pazia nikakutana uso kwa uso na mashua ya uokozi, ya rangi ya chungwa, kubwa kama basi. Ukisimama kwenye kona ya kushoto na kuinama unaona kipande cha bahari cha upana wa mlango. Vingine vilikuwa sawa: kitanda kizuri, bafu la kugeukia kwa tahadhari, choo kinachonguruma kama kimekasirishwa. Kuta ni za chuma, kwa hiyo ukija na sumaku ndogo utatundika kofia, karatasi na barakoa zako. Hilo nilifundishwa na jirani wa chumba cha pili aliyekuwa na sumaku kumi na mbili.

Tuling'oa nanga jioni. Nenda juu mapema, usibaki chumbani. Southampton iko ndani, si kwenye bahari wazi, kwa hiyo meli hushuka taratibu na mlango wa bahari wa Solent, ikipinda karibu na mji wa Cowes kwenye Kisiwa cha Wight kana kwamba dereva wa lori anakata kona ya kichochoro. Anayeongoza nahodha hapo ni rubani wa bandari. Tulipopita kisiwa, boti ndogo ikaja kujibanza ubavuni na rubani akateremka kwa ngazi ya kamba, hatua kwa hatua, sisi tukienda na boti ikienda, mpaka akakanyaga sitaha ya boti, akainua mkono bila kutazama nyuma. Mama alishika moyo mpaka boti ilipoondoka. Yule ndiye mtu pekee aliyefika mahali siku ile.

Siku ya pili tuliitembea meli yote. Sitaha kumi na tano, ingawa lifti inasema kumi na sita: kutoka 12 inaruka hadi 14, maana mabaharia wengi na abiria wao bado wanaiogopa 13. Lifti ziliwekewa kikomo cha watu wanne. Tulianza omo, yaani mbele, juu, penye upepo wa kukuvua miwani, tukashuka kupitia maktaba, ukumbi wa maonyesho, kasino yenye vioo kati ya mchezaji na mchezaji, hadi tezi. Huko nyuma ndiko nilikopapenda. Hakuna muziki. Kuna viti vya mbao, mngurumo unaousikia miguuni kuliko masikioni, na njia nyeupe ya povu inayonyooka hadi upeo wa macho. Saa nne asubuhi, meli ya watu elfu tatu na ushei, tulikuwa sita. Mama akavua viatu. Tulipochoka tukarudi chumbani, akacheka peke yake: "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ngama ni tumbo la chombo; yetu ilikuwa na mashua ya rangi ya chungwa dirishani.

Utupu huo ndio nilioulipia bila kujua. Viti vya kuotea jua vilikuwa tele, hakuna aliyeamka alfajiri kuviwekea taulo. Bwawani unakwenda kwa zamu, lakini zamu yako mnaogelea watano. Bafe hupakui mwenyewe. Unaonyesha kwa kidole, mhudumu anakutilia. Watu wengi waliliona hilo ni usumbufu. Mimi niliona chakula kinafika mezani kikiwa moto na hakuna aliyekohoa juu ya supu.

Kilichoniudhi ni simu. Kila kitu kilipitia programu ya meli: orodha ya vyakula, meza, bwawa, onyesho la usiku, hata kuuliza taulo. Simu ya Mama ni ya vibonye. Mtandao wa ndani ulikatika jioni ya kwanza, na uliporudi ukatuambia meza yetu ingekuwa tayari baada ya dakika 40. Tulisimama mlangoni pa mgahawa tukiangalia kupitia kioo. Nilihesabu meza kumi na mbili tupu, zimeandaliwa, na wahudumu wanne wamesimama mikono nyuma. Nikamuuliza mmoja kama tunaweza kuingia. Akasema, kwa huruma ya kweli, kwamba mfumo haujatuita. Mwaka mzima nimefuata taratibu zenye sababu, na kwa zile sina neno. Hii haikuwa na sababu.

Wahudumu wenyewe siwezi kuwalaumu hata kidogo. Aliyetuhudumia asubuhi alikuwa Mfilipino; alinisikia nikimwita Mama, naye akamwita hivyo hivyo mpaka mwisho. Alikaa nyumbani zaidi ya mwaka akisubiri kuitwa kazini. Siku ya kwanza ya abiria kurudi, alisema, walisimama mlangoni kupiga makofi na kuna waliolia.

Meli ilitembea polepole, maana haikuwa na pa kwenda. Chaneli moja ya runinga huonyesha ramani na mstari wa safari, na kufikia Jumatano mstari wetu ulikuwa kama uzi uliochezewa na paka. Jumanne alasiri tuliikaribia ghuba ya Weymouth, moja ya sehemu ambako meli tupu zilitia nanga tangu 2020. Tulizikuta mbili, kubwa kama yetu, vibaraza vyote vimefungwa mapazia. Nahodha wetu akapiga honi tatu ndefu. Kimya. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka moja ilipojibu, na juu kabisa kwenye ukingo wakatokea watu watatu, wakatupungia mpaka wakawa nukta.

Jumatano usiku ulikuwa usiku wa nusu fainali ya kandanda ya Euro 2020, Uingereza na Denmark, kwenye skrini kubwa ya bwawani. Viti vimepangwa kwa familia, vimeachana, na tangazo kila robo saa: tafadhali kaeni, tafadhali msiimbe. Walikaa kwa kiasi. Dakika za nyongeza Kane wa Uingereza akapiga penalti, kipa Schmeichel akaipangua, Kane akaumalizia mpira uliorudi, mbili kwa moja. Sitaha nzima ikaruka. Mzee mmoja tusiyemjua akamkumbatia Mama kwa nguvu zote, kisha akakumbuka, akaruka nyuma mikono juu kama aliyeelekezewa bunduki, akiomba radhi tena na tena. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo Mama kukumbatiwa na mtu asiyekuwa mimi. "Mwambie asiogope," akaniambia, "nimechanjwa."

Kushuka kulichukua dakika saba. Kwa anayetaka kuona miji, safari kama hii si yake, atajiona amefungwa. Anayetaka kujua kama meli zinamfaa kabla ya kuchukua wiki mbili, hakuna kipimo bora. Chukua chumba cha katikati, sitaha za chini kama tumbo lako ni jepesi, na usome neno "kiasi" mara mbili. Nimeipa nyota nne. Ya tano wameila wenye ile programu.

Mama amekuwa ananiuliza kama kuna nyingine. Nikimwonyesha zenye bandari tano au sita, hatazami bandari. Anauliza abiria ni wangapi.