Kukodi ndege nzima, Wilson hadi Lamu: huduma safi, bei waulize mara mbili

Tulikuwa na harusi Lamu, tena na wazee wasioweza basi la kupitia Mombasa hadi Mokowe. Tukakodi Cessna Caravan, ndege ndogo, kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Unalipia ndege, si kiti, kwa hiyo mkiwa wengi inalipa. Mkiwa wanne, kateni tiketi za kawaida tu.

Dada wa ofisini hujibu WhatsApp upesi. Alitaka majina, namba za vitambulisho na uzito wa kila abiria. Shangazi aligoma katakata kutaja kilo zake, basi uwanjani wakampandisha kwenye mizani, mkoba begani, mbele ya wakwe! Mizigo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini. Masanduku magumu walituambia tuyaache nyumbani.

Kilichoniudhi ni bei. Ile ya kwanza haikutaja kwamba ndege ikirudi Nairobi tupu, gharama ni yako pia. Tukaiona kwenye ankara ya pili. Rubani lakini, mashallah, alitua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, kama anayeweka yai mezani. Boti ya kuvukia Lamu haimo, pataneni na nahodha hapo gatini. Nyota tatu.