"Snap the Whip" ya Winslow Homer: chapa halisi ya Harper's Weekly, 1873

Chapa hii ya kurasa mbili inaonyesha wavulana wakicheza huku wameshikana mikono. Ni mchoro wa msanii Mmarekani Homer, uliochongwa kwenye mbao na kuchapwa katika Harper's Weekly, gazeti la kila wiki la Marekani, tarehe 20 Septemba 1873. Inastahili kununuliwa, lakini ikague kwa kioo cha kukuzia kwanza. Mistari iwe myeusi na iliyokatika safi. Ukiona vidoti vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni nakala ya kisasa.

Mistari myembamba myeupe inayokata picha isikutie shaka. Mti wa boksiwudi, wenye mbao ngumu iliyotumiwa kuchongea picha hizi, ni mwembamba, na mchongaji alitumia mbao iliyokatwa kukingama nyuzi zake. Hivyo picha kubwa iliunganishwa kwa vipande vilivyokazwa kwa bolti. Vipande viligawiwa wachongaji kadhaa ili kuwahi toleo la wiki. Maungio yasipobana, wino haushiki pale.

Udhaifu wake mkubwa ni kunjo la katikati: karatasi huchakaa na kupasuka hapo, na gundi ya utepe uliobandikwa kuziba mpasuko huacha doa la kahawia lisilotoka kirahisi. Iliyotiwa rangi iache. Gazeti lilichapa kwa wino mweusi tu, na rangi ya baadaye huziba mistari myembamba, ambayo ndiyo uzuri wenyewe.